Dhahabu ya Money Heist na mpira wa kawoshi

Mpaka leo hakuna aliyeivunja kwa hoja nadharia yangu kwamba dhahabu inaweza kusukumwa na maji kwenye bomba, naomba hilo lieleweke kabla watu hawajaanza kucheka. Wanachochekea wao ni kabati la jamaa wa chipsi na mimi kupanda difenda nikiwa nimelowa chapachapa, sasa hayo na sayansi wapi na wapi.

Ilikuwa Desemba 2021, vile vipande vya mwisho kabisa vya tamthilia ya Money Heist vimetoka tarehe 3, na pale Tabata kwenye kawoshi tunapofanyia kazi ilikuwa haiwezekani kuosha hata bodaboda bila kesi. Mteja anakuja na IST yake imejaa tope anakuta watu wanne wamesimama na matambara mikononi wanabishana kama Profesa, yule kiongozi wa wezi, ana akili au ana bahati, anapiga honi, hakuna anayegeuka, mwishowe na yeye anazima gari anashuka anachangia.

Kwa ambao hamjaiona, ni Wahispania, wezi waliojipa majina ya miji, kuna Tokyo, Berlin, Denver, Nairobi na wengine, wanavaa ovaroli nyekundu na vinyago vya sura ya yule mchoraji Salvador Dalí. Mara ya kwanza wanaingia kiwanda cha kuchapa pesa, mara ya pili wakaona hiyo ndogo, wakaingia Benki Kuu ya Hispania pale Madrid kuchukua dhahabu tani 90. Chumba cha dhahabu kiko chini ya ardhi na ukikivamia kinajaa maji, na hilo wala sio chumvi ya muvi, ile benki ya kweli chumba chake kiko zaidi ya mita 30 chini na inaelezwa kimejengwa hivyohivyo. Sasa wao wakaingia kwa kupiga mbizi, wakaitoa, wakaiyeyusha, wakaifanya punjepunje, halafu wakaisukuma kwa maji kwenye bomba mpaka upande wa pili ambako Profesa anaisubiri. Na hapo kwenye bomba ndo pakawaka moto.

Kuna mwenzetu tunamwita Geita maana kabla ya kuja Dar alichimba huko miaka, mtu ambaye ukimtajia dhahabu anabadilika sura anakuwa mchungaji. Yeye akasema kuyeyusha sawa, moto ukifika nyuzi 1,064 dhahabu inakuwa uji, na ukiimwaga kwenye maji inatoka punje kweli, hapo hana neno. Lakini bomba hapana. "Nyie mnajua mwalo unavyofanya kazi?" Tukasema hatujui. "Unamwaga udongo na maji kwenye mteremko, chini umetandika gunia. Mchanga unaondoka na maji, dhahabu inabaki kwenye gunia. Kwa nini inabaki? Kwa sababu nzito! Mimi nimekula miaka yote ile kwa sababu dhahabu inakataa kwenda na maji, leo huyo Profesa anaikuta dhahabu gani inayokubali?"

Kijiwe kikanyamaza. Mi mwenyewe niliona hoja ina mashiko ila nishajiitaga Profesa pale kijiweni (tulikuwa tumegawana majina ya wale wezi, Geita alikuwa Palermo, dogo wetu mmoja alikuwa Denver), sasa Profesa anakubalije kushindwa mbele ya wateja. Nikamwambia bro, mwalo wako maji yanatiririka tu yenyewe, hayana presha. Weka pampu uone.

Geita akaruka kwenye hoja nyingine, eti kwanza tani 90 zingehitaji malori kibao na ghala, watu wangeona. Nikatoa simu nikapiga hesabu, lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya dhahabu ni kilo 19 na ushei, gawanya, inakuja kama lita 4,700 hivi. Nikanyoosha kidole juu kwenye tangi letu jeusi la lita 5,000 lililokaa kwenye mnara wake wa vyuma. "Dhahabu yote ile haijazi hilo tangi."

Watu wote wakainua vichwa, na mteja mmoja alishika kiuno kabisa, tukaliangalia lile tangi kama tunaliona leo, lile lile tunalolipanda kila mwezi kutoa konokono.

"Sawa," Geita akasema, "na huo mnara unabaki?"

Walicheka mpaka nikatamani kumnyima zamu ya pampu. Na Denver naye akaongeza kuni, huyu dogo hajawahi kuangalia Money Heist yenyewe, yeye anaenda kule laibrari ya muvi anawekewa kwenye flashi ile iliyotafsiriwa, ambapo jamaa anayeingiza sauti akichoka kufuata maneno anatunga yake. Kwa hiyo kila tukibishana yeye analeta ushahidi ambao hakuna mwingine aliyeuona. Siku ile akasema mbona Profesa alieleza vizuri tu, alisema dhahabu ilipitishwa chini kwa chini mpaka Mbagala Rangi Tatu. Tukamwambia Denver kaa kimya.

Basi nikasema isiwe tabu, tujaribu. Kawoshi yetu ina tangi la chini, ina pampu ya petroli, na ina mpira wa inchi mbili unaopeleka maji juu kwenye mnara, Wahispania wenyewe hawakuwa na zaidi ya hapo. Kilichokosekana ni dhahabu tu, hiyo tukaenda kwa fundi baiskeli wa jirani akatupa gololi za beringi, zile ndogondogo, karibu nusu kopo la Blue Band, zina grisi nyeusi inayoganda vidoleni. Geita akadai chuma sio dhahabu, uzito wake haufiki hata nusu. Nikamwambia ndo vizuri, chuma kikigoma kupanda mi nimeshindwa hapohapo, kikipita tutaanza kuongea habari za presha kubwa zaidi. Mniambie hapo kosa liko wapi.

Nikafungua klipu ya mpira upande wa kutokea pampu, nikamimina gololi mle ndani. Sio ndani ya pampu jamani, pampu ni ya bosi, sina wazimu. Nikarudisha mpira, nikakaza klipu kwa mkono kwa sababu bisibisi alikuwa nayo mtu anayefunga pleti namba. Denver akavuta kamba, mashine ikawaka.

Na zilipita! Hili watu hawapendi kulisimulia. Maji yalivyoanza kupanda tukasikia kule juu tangini tok, tok, tok tena, nikaruka, nikamkumbatia mteja nisiyemjua. Geita mwenyewe alifunga mdomo. Halafu tok zikakata. Pale chini ya mnara mpira unapokata kona kuanza kupanda ukaanza kuvimba, taratibu, ukawa na nundu, yaani gololi zote zilizobaki zimekaa pale kwenye kona zimekataa kupanda, na maji nyuma yake yanazidi kuja.

Geita akasema, "Zima."

Nikasema, "Ongeza mafuta."

Denver ni mtoto mtiifu, alimsikiliza Profesa.

Klipu ikaruka sijui ikaenda wapi, haijaonekana hadi kesho kutwa yake. Mpira ukachomoka kwenye pampu, nundu ikarudi kinyumenyume, halafu ukaanza kujipinda huku na huku unatema maji na gololi. Za kwanza zilikwenda kwenye bati la kibanda cha wakala wa miamala, papapapa, sauti ile ile ambayo wewe na mimi tungeisikia usiku tungelala chini ya kitanda. Za pili zikaingia kwenye kabati la kioo la jamaa wa chipsi, na kabati likashuka lote kwa mkupuo mmoja, mayai, mishkaki, kachumbari, chupa ya tomato, vyote chini. Jamaa hakukimbia, alibaki kasimama kashika kijiko cha kugeuzia chipsi, anaangalia pale kabati lilipokuwa.

Saluni ya pili yake wakatoka kinamama mbio, mmoja wao alikuwa amepakwa dawa kichwa kizima na muda wa kuosha ulishafika, akawa anakimbia huku anapiga kelele inaniunguza inaniunguza, watu wakasikia neno hilo wakajua kapigwa risasi. Alivyoona mpira unarusha maji akasimama akainamisha kichwa pale pale akaoga. Yeye peke yake siku ile ndo alifaidika na jaribio.

Sasa pampu ipo wapi? Ipo ubavuni mwa kibanda cha wakala. Ili tuizime ilibidi tukimbilie huko. Naomba muone alichokiona yule wakala kupitia kidirisha chake: mlio wa risasi batini, vioo vinavunjika, wanawake wanalia, halafu wanaume wanne waliovaa ovaroli nyekundu (bosi alizinunua kwa jumla, hakuna aliyetuuliza rangi) na barakoa usoni, maana kipindi kile cha korona mteja anataka akukute umevaa, wanamjia mbio, wa mbele anapiga kelele "Zima! Zima!"

Alishusha shata kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu. Tukazima mashine, kukawa kimya, na kwa ndani ya kile kibanda tukamsikia anaongea na simu kwa kunong'ona, "Wapo wengi, wanaongea lafudhi ya Dar."

Difenda haikuchelewa. Mimi nilishajipanga kueleza kwa utulivu, mtu mzima, ila afande alianza na Denver kwa kuwa ndo alikuwa karibu.

"Unaitwa nani?"

Dogo kajaa hofu, kichwani hamna kitu, akajibu kile ambacho tunamwita siku zote. "Denver."

"Na huyu?"

"Palermo."

"Kiongozi wenu nani?"

Wote wakanigeukia mimi, na Denver akamalizia, "Profesa." Nikasikia afande mwingine anarusha kwenye redio kwamba wamewadhibiti watuhumiwa wanne na kinara wao anatumia jina la Profesa. Kofi sikupigwa, ila pingu nilivishwa, na wale wateja niliokuwa nawakumbatia dakika tano nyuma wakawa wananirekodi.

Kituoni tukakutana na afande wa makamo, mpole, ana miwani, kakaa na daftari lake la maelezo. Akasema kijana, eleza kuanzia mwanzo, usiruke kitu. Na mimi mtu akiniambia nisiruke kitu siruki. Nikaanzia kiwanda cha noti. Nikashangaa mzee anaandika huku anatikisa kichwa, anatabasamu, nikafika kwenye chumba kinachojaa maji akasema "enhe," kwa sauti ya mtu anayejua, mpaka akavua kofia. Nikaona hapa nimepona, huyu ni wa kwetu, nikachanganya gia. Nikamweleza punje, nikamweleza mwalo wa Geita, nikamchorea kona ya mpira kwenye kipande cha karatasi, akauliza ile kona ungeilaza kidogo si zingepita? Nikamwambia afande, umeona! Hata hao nimewaambia hivyohivyo! Geita akaguna.

Nikaendelea, kwamba kule benki presha haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa usimamizi, kwa sababu aliyekuwa anasimamia kuyeyusha alikuwa Nairobi, sasa baada ya Nairobi kupigwa risasi ya kichwa na yule mlinzi Gandía, kazi ikabidi...

Kalamu ikasimama.

"Nani kapigwa risasi ya kichwa?"

Nikameza mate. Akavua miwani akaiweka juu ya daftari. Akasema yeye anaangalia na mkewe, kila Jumapili kipande kimoja, wako pale Nairobi kalazwa juu ya meza anapasuliwa, na jana yake tu mkewe alifunga kula mchana kumwombea.

"Afande, samahani, mi nilijua..."

"Mrudishe huyu ndani."

"Kwa kosa gani afande? Kioo tumeshakubali kulipa, bosi yuko njiani."

"Kosa tutalitafuta."

Nikanyanyuliwa. Geita anaangalia sakafu mabega yanamtikisika, na yule askari wa redio kageukia ukutani. Nikiwa nafika mlangoni nikasikia Denver nyuma yangu anajikohoza, mtoto ambaye tangu tuingie hajasema neno.

"Afande, shikamoo. Samahani. Kwenye ile ya kwetu iliyotafsiriwa Nairobi hajafa."

Kimya.

"Walimkimbiza Muhimbili. Akapona. Saa hizi ana duka Kariakoo."

Yule mzee akamtazama muda mrefu, kisha akaivaa miwani yake polepole.

"Hiyo flashi unayo hapo?"