Coaster moja kila siku

Marekani, mtu akiomba mafao ya ulemavu ya Social Security, shirika la serikali la hifadhi ya jamii, jibu la kwanza mara nyingi ni hapana. Zaidi ya nusu ya waombaji hurudishwa hapo hapo. Barua inampa siku 60 za kukata rufaa: kwanza faili lipitiwe upya na mtu mwingine, kisha asikilizwe na jaji wa shirika, kisha Baraza la Rufaa, na akishindwa huko kote, mahakama ya shirikisho. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliohamia kule hulijua hilo wakiwa wamechelewa, maana wamezoea kwamba serikali ikisema imesema.

Wapo wanaoiona rufaa kama mlango wa uani. Kwa jaji, kama nusu ya wanaofika hupewa. Sasa, wanauliza, ulemavu umeongezeka njiani, au ni wakili tu? Swali si la kijinga. Kule Kentucky, wakili Eric Conn alimhonga jaji David Daugherty, kesi zikapita kama maji bomba likipasuka, na mafao yaliyohusika yakakadiriwa kufikia dola milioni 550. Mwaka 2017 Conn alihukumiwa miaka 12, naye alikuwa ameshatoroka.

Lakini tutazame kinachotokea kabla ya jaji. Ni karatasi. Fomu inauliza: unapika? Unaandika ndiyo, huandiki kwamba unapika umekaa kwenye ndoo na binti ndiye anayeinua sufuria. Halafu daktari anayelipwa na serikali anakuuliza hali. Mzee wetu, hata goti likiwa limevimba kama boga, atajibu "sijambo, nashukuru Mungu". Mkalimani yupo, tena wa bure, anaitafsiri sawasawa. Kwenye faili inaingia: mgonjwa anasema yuko vizuri. Mbele ya jaji ndipo kwa mara ya kwanza mwamuzi anamsikia mwenyewe, na anaweza kumuuliza: sufuria anainua nani?

Na hata hapo kuna mtaalamu wa ajira wa kueleza ni kazi gani bado unaziweza. Orodha ya kazi aliyoitegemea ilisahihishwa mara ya mwisho mwaka 1991. Shirika liliondoa kazi 114 Juni 2024 tu; kabla ya hapo mwenye mgongo mbovu aliweza kuambiwa akachambue njugu, au akakague vijiti vya mbao vya kuungia samani. Atazichambua wapi, hilo halikuwa swali la siku hiyo.

Kinachonikosesha amani zaidi ni hesabu ya wakaguzi wa serikali yenyewe, iliyotoka mwaka 2020. Kati ya mwaka wa fedha 2008 na 2019, watu 109,725 walikata rufaa wakafa kabla ya uamuzi wa mwisho. Mpinzani atasema waliokata rufaa wote walikuwa kama milioni 9, hivyo hao ni asilimia moja na kitu, na wagonjwa hufa hata wasiposubiri. Kweli. Sisemi foleni ndiyo iliyowaua wote. Ila gawanya kwa siku: 25. Coaster moja imejaa, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka 12. Walioingia foleni mwaka 2015, yule wa katikati alingoja siku 839.

Na wakati huo wote usijaribu kujishikiza. Mwaka 2025, ukipata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kwa kazi, na wewe si kipofu, ulihesabiwa kuwa unaweza kufanya kazi, ombi limekwisha. Kwa hiyo anayengoja anakula akiba, kisha anakula kwa watoto, kisha anakopa. Kati ya 2014 na 2019, kama 48,000 walitangaza kufilisika wakiwa kwenye foleni hiyo.

Wanaotaka rufaa ibanwe kwa sababu ya Conn waulize pia wateja wake. Mwaka 2015 zaidi ya 1,000 kati yao waliandikiwa barua wathibitishe ulemavu upya, kwa vielelezo vya miaka ile ile ya nyuma, vya madaktari ambao wengine hawapo tena. Wakili alikuwa ameshalipwa ada yake.