Ateri za miguu zilizosinyaa: wiki 12 za mazoezi hazitoshi

Tangu 2017, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, humlipia mwenye ateri (mishipa ya kupeleka damu) za miguu zilizosinyaa vipindi 36 vya mazoezi ya kusimamiwa ndani ya wiki 12. Hutembea kwenye mashine mpaka shavu la mguu limuume, hupumzika, kisha huanza tena. Ni hatua kubwa, ila imepangwa kana kwamba maradhi haya humalizwa na dozi. Kutembea hakuondoi mafuta yaliyoganda ndani ya ateri. Kinachobadilika zaidi ni misuli kuzoea kutumia vizuri damu chache inayoifikia, na faida hiyo hupotea mtu akiacha.

Wanaopendelea stenti, kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa kuupanua, wana hoja: mshipa hufunguliwa siku moja. Katika utafiti wa CLEVER, uliohusu ateri za tumboni na nyonga, waliowekewa stenti walisema maisha yao yameboreka zaidi baada ya miezi 6, ingawa waliofanya mazoezi ndio waliotembea muda mrefu zaidi kwenye mashine. Kufikia miezi 18 tofauti hiyo ya kutembea haikuonekana tena.

Ugumu uko nyumbani, kwa sababu hakuna atakayekwenda kliniki mara tatu kwa wiki maisha yake yote. Utafiti wa HONOR wa 2018 uliwapa wagonjwa kifaa cha kupima mwendo na ushauri wa simu. Baada ya miezi 9 hawakuwazidi kwa kutembea wenzao wasiopewa. Wa LITE, uliotangazwa 2021, ulifuatilia watu 305 kwa miezi 12. Waliotembea mpaka miguu ikauma waliongeza wastani wa mita 34.5 katika dakika 6 za kutembea. Waliotembea taratibu bila maumivu hawakuongeza kitu, japo nao walikuwa na mkufunzi.

Kumwambia mzee ayafuate maumivu siku tano kwa wiki, mwaka mzima, ni kumtwisha mzigo mzito, na wengi wataacha. Sioni hiyo kuwa sababu ya kumpa ushauri laini usiomsaidia. Naiona kuwa sababu ya bima kumlipa mkufunzi aendelee kumfuata hata baada ya wiki ya 12, amweleze kwamba maumivu hayo hupoa akisimama na hayamharibii mguu. Mwenye kidonda kisichopona, au mguu unaomuuma hata akiwa amelala, asianze mazoezi haya. Huyo amwone daktari wa mishipa haraka.