Sato wa Baharini

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuja kutoka Mwanza, na usiku wa kwanza nikapewa amri: "Mtoe kidogo, asiende kusema nyumbani huku tunamlisha maharage." Nikampeleka mgahawa mmoja Sinza, una taa za rangirangi na menyu nene kuliko daftari la kikoba.

Menyu yenyewe kumbe ya kutazama tu. Kuku wa kienyeji? "Ameisha." Mtori? "Ule wa asubuhi, kaka." Mishikaki? Dada akageukia jikoni, akaturudia. "Mishikaki ilikuwepo jana."

"Sasa kuna nini?"

"Sato. Wabichi kabisa, wameingia leo kutoka Feri."

Shemeji akaweka simu mezani. Huyu mtu kakulia Kirumba, sato kamjua kabla hajajua kusoma.

"Binti, Feri hii ya Magogoni?"

"Ndiyo, baba."

"Huko si samaki wa baharini? Changu, kibua, pweza. Sato ni wa maji baridi, wa ziwani. Kafikaje?"

Dada akafikiri kidogo. "Labda alikuja kutembea, baba."

Jibu lile lilimfurahisha, akaagiza sato wawili wa kukaanga, na chipsi. Ndipo umeme ukakatika. Jenereta likaja kuwashwa pembeni yetu, tukawa tunaongea kwa mikono. Kila nikiuliza samaki, naambiwa "wanageuzwa". Saa nzima wanageuzwa! Shemeji akaniinamia sikioni: "Au wanafundishwa kuogelea kwanza?"

Mwisho wakaja. Kwa nje weusi tii, unasema hawa wameiva mpaka basi. Shemeji akanawa, akapiga bismillah, akabandua minofu ya mgongoni kwa kidole gumba. Pale kwenye uti, barafu. Chembe zake zinameta kabisa kwenye mwanga wa tochi ya simu, na damu pembeni bado nyekundu.

Akamwita dada, akamwonyesha bila hasira. "Mwanangu, njia ya kutoka Feri ina baridi sana, eeh?"

Wakarudishwa jikoni, na sisi hatukutaka kuwaona tena. Nikaomba bili: 58,000, sato wote wawili wamo, na chipsi ambazo hazijafika mezani zimo. Nikalalamika, nikaambiwa bosi hayupo, ila chipsi zinakuja sasa hivi. Nikalipa ya soda na ya sato mmoja, ili mtoto wa watu asije akakatwa mshahara.

Njaa inauma. Ng'ambo ya barabara kuna kijana wa chipsi, moto umewaka, watu wamejipanga. Tukavuka, tukasimama nyuma ya dada mmoja mwenye hotipoti. Akageuka. Yuleyule.

"Jamani baba, si nimesema zinakuja?"

"Usijali, binti," shemeji akasema, akapokea hotipoti. "Tumekuja kuzilaki."