Iacheni Tabo, Kamateni Bisibisi

Jumapili nimevuta gari kwa kamba kutoka Mpapura mpaka Mtwara mjini, mwendo wa kobe, malori yakinipigia honi kama nimeziba barabara ya baba yao. Kwenye gari linalovutwa kakaa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanuna. Toyota Glanza V yake, aliyonunua kwa pesa za korosho, imevunja pistoni. Tulipompigia fundi wake, hata salamu hakutoa: "Kaka, mimi nilisema, tabo ni ugonjwa."

Ugonjwa! Injini hiyo ni 4E-FTE, lita 1.3, nguvu farasi 135. Toyota waliitoa kiwandani ikiwa na tabo yake, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili kuisukumia injini hewa zaidi. Imezaliwa nayo, imezeeka nayo, imevuka bahari nayo, ikaishi zaidi ya miaka 20, halafu ije ife Mpapura wiki mbili baada ya kuguswa na bisibisi ya huyu bwana. Mgonjwa hapo ni nani?

Kilichofanyika ni hiki. Kiwandani presha ya tabo hii ina ngazi mbili, na ile ya juu inaishia kwenye bar 0.65 hivi. Fundi kafunga vali ya bei chee kwenye paipu ya westigeti, kile kilango kinachozuia presha ya tabo isizidi, kakaza mpaka gari "likaanza kuruka". Liliruka kweli. Ila kontroli boksi, kompyuta ya injini, ilikuwa na akili kuliko wote wawili: presha ikizidi, inakata mafuta, gari linajikwaa kama limepigwa ngumi. Dogo akarudi kulalamika kwamba linakata. Badala ya kujiuliza kwa nini linakata, fundi akafunga kidude cha kuidanganya kontroli boksi iamini presha bado ndogo. Yaani mlinzi kapiga kelele za mwizi, wewe unamziba mdomo mlinzi.

Jamani, hewa ikiongezeka lazima petroli iongezeke. Ukitembea taratibu, hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo moja inatosha. Tabo ikisukuma kwa nguvu unataka kama 12, hata 11.5, kwa sababu ile petroli ya ziada ndiyo inayopoza ndani ya silinda. Nozeli za kiwandani, zinazopuliza petroli, zikishafika mwisho wake hazina kingine cha kutoa. Hewa inaingia, petroli haipo, joto linapanda, mchanganyiko unaanza kujilipukia wenyewe badala ya kusubiri moto wa plagi uufikie. Mlio wake ni kama kokoto kwenye kopo, na dogo na muziki wake angeusikia wapi. Kwenye mizunguko 6,000 kila pistoni inapigwa mara 3,000 kwa dakika. Geuza kila pigo liwe la nyundo, uone kama aluminiamu itavumilia. Ilikatika palepale ringi zinapokaa.

Na hapo ni mchana wa huku kwetu, intakula, ile ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, imelala juu ya injini inapikwa, wakati kazi yake ni kupunguza joto. Intakula itakula kweli.

Kinachoniuma ni kwamba nilimwambia anunue kwanza geji ya kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli, akanijibu, "Kaka, hiyo haiongezi spidi." Huyu baba yake ana mikorosho Nanyamba! Amekua akimwona mzee anapiga salfa uso mzima umekuwa wa njano, kabla hata korosho moja haijaning'inia. Salfa nayo haiongezi korosho, mdogo wangu? Usipoipiga wakati wa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ungaunga mweupe, unapita, na Oktoba wenzako wako mnadani wewe unahesabu majani.

Tulipofungua tukakuta na thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haipo. "Huku joto, haina kazi." Wimbo wa taifa wa magereji yetu. Haina kazi, ndiyo, ndiyo maana Wajapani waliiweka kwa kutupotezea muda. Injini ikikosa kupata joto lake, kontroli boksi inadhani bado asubuhi, inamwaga petroli, petroli inaosha oili kwenye silinda. Kwenye rejeta mlikuwa na maji ya bomba, rangi ya chai ya rangi.

Oili sisemi sana: tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili, na injini ikizimwa oili inaacha kwenda, kwa hiyo ukitoka Mikindani mbio usizime papo hapo, iache inguruma dakika moja au mbili. Na nyie mnaotaka kufunga tabo kwenye 4E-FE ya kawaida, kompresheni yake ni 9.6, yaani inabana mchanganyiko mara 9.6 hata kabla ya tabo. Hii ya tabo ni 8.5. Fikirieni.

Haya, nakubali, hapa mjini mimi sijampata mtu wa kukaa na laptop akapanga mafuta ya injini ya tabo, na Dar ni zaidi ya kilomita 500. Na huyo fundi, nimseme nitakavyo, mpelekee Noah iliyochemsha uone mikono yake. Ndiyo hasira yangu yenyewe: anaweza.

Jana jioni dogo kaja na injini nyingine ya mtumba juu ya guta. Hata hatujaishusha, ananiuliza, "Kaka, hii tukiikaza kidogo tu?"

Nimemwambia tunaanza na thamostati.