Subaru ya turbo ya mkono wa pili: lipia vipimo kabla ya kulipia gari

Nairobi, Impreza WRX STI huuzwa kwa sauti. Mnunuzi anapewa ufunguo, anaingia Thika Road, anakanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi, mgongo unabanwa kwenye kiti, na akirudi yadi ameshaanza kuzungumza bei. Hapo ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotelea. Injini yake, EJ20, ikiwa na pistoni iliyopasuka kwenye kingo za ringi (matuta ya pistoni yanayoshikilia ringi) inaweza kuvuta vizuri kabisa kwa robo saa. Kwa hiyo nashikilia neno moja: gari la aina hii lisilipiwe hata arubuni kabla halijawashwa likiwa baridi, na kabla silinda zake zote 4 hazijapimwa na fundi uliyemtafuta wewe mwenyewe. Muuzaji akikataa, ondoka, hata kama rangi yake ni ile buluu uliyoitamani tangu dereva Colin McRae na Subaru yake aliposhinda Safari Rally mwaka 1997.

Fikiria umri kwanza. GDB, modeli ya STI inayotafutwa sana, ilitengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo GDB yoyote unayoiona leo Ngong Road imeshatumika miaka zaidi ya kumi kwenye barabara zetu, na huenda imepitia mikono mingi. Karatasi ya mnada ya Japani inaeleza hali ya gari siku lilipouzwa kule. Haikwambii chochote kuhusu oili iliyotiwa humu nchini wala matuta liliyorukia. Omba risiti za sevisi za hapa. Risiti 6 zenye tarehe na kilomita zinazopanda kwa mpangilio zina thamani kuliko karatasi hiyo.

Pia hakikisha ni STI kweli. Kuna Impreza nyingi za cc 1500 zilizovishwa bawa kubwa, boneti yenye tundu la hewa na nembo ya waridi. Kibati kilicho ndani ya chumba cha injini kinataja aina ya gari: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida, GD3 ni ile ya cc 1500. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na logibuku, yaani kitabu cha umiliki, na uangalie ukubwa wa injini ulioandikwa humo, ambao kwa STI ya Japani ni cc 1994. STI ya kweli ina gia 6, na ili kurudi nyuma dereva huvuta juu pete iliyo chini ya kirungu cha gia. Tafuta rekodi za gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uangalie pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika iliyoundwa na sheria ya 2017, kwa sababu huenda gari limewekwa rehani.

Sasa injini. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, rudi kesho asubuhi. Ikiwashwa baridi, injini nyingi za familia hii ya EJ hugonga kidogo kwa sababu pistoni zinachezacheza kabla hazijatanuka, na mlio huo hupotea injini ikipata moto. Usiuogope. Wa kuogopwa ni ule mzito, wa chini, unaofuata kasi ya injini, unaosikika zaidi ukipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kisha ukiachilia ghafla, na ambao joto haliuondoi. Hiyo ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inayokwisha, na dawa yake ni kufungua injini yote. Chomoa kijiti cha oili pia. Oili mpya kabisa na nzito kama ya 20W-50, kwenye injini inayotakiwa 5W-30 au 5W-40, huenda imetiwa ili kuzima mlio huo.

Baada ya injini kupata moto, fundi afungue plagi zote 4 na kupima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Si kazi nyepesi, maana silinda zimelala ubavuni, kwa hiyo betri na boksi la filta ya hewa huwa yanatoka. Azime pampu ya mafuta na koili, betri iwe imejaa, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, stata izungushe injini idadi ile ile kwa kila silinda, tuseme mizunguko 6.

Mafundi wengi husoma namba na kuilinganisha na kitabu cha kiwanda, na hapo wanakosea. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Injini nzima ambayo pwani ingesoma psi 150 (psi ni kipimo cha presha) hapa Nairobi itasoma karibu 123. Muuzaji mjanja anajua kukutisha au kukutuliza kwa namba hizo. Wewe linganisha silinda na silinda. Zikikaribiana, vizuri; moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 chini ya wenzake, simama hapo. Mara nyingi itakuwa namba 4, ile ya nyuma upande wa kushoto.

Kompresheni peke yake hainiridhishi. Ukingo wa ringi ukiwa na ufa mdogo, kipimo hicho chaweza kupita. Ongeza kipimo cha uvujaji: pistoni ipandishwe juu kabisa, hewa isukumwe silindani kupitia tundu la plagi, kisha usikilize. Hewa ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye eksozi, ni valvu ya kutolea moshi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Kuna wanaotia kijiko cha oili silindani na kupima tena ili kujua kama ni ringi. Kwa silinda iliyolala oili hubaki upande wa chini, kwa hiyo jibu lake halitegemeki.

Gasketi nayo hujificha mpaka injini ibebe mzigo. Panda Waiyaki Way hadi upande wa Kikuyu, rudi, kisha kaa kwenye foleni dakika 20 huku ukitazama geji ya joto. Simama, fungua boneti, tazama tangi dogo la kulanti (maji ya kupozea injini) bila kugusa kifuniko cha rejeta. Mapovu yanayoendelea kutoka, au kulanti yenye harufu ya moshi, yanatosha kukurudisha nyumbani. Angalia pia hali ya kifuniko hicho rejeta ikishapoa: kwa mwinuko huu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, na ni presha inayobanwa na kifuniko inayoyazuia, kwa hiyo raba yake iliyochoka inaumiza hapa kuliko pwani.

Kuhusu magari yaliyochezewa kompyuta ya injini ili eksozi ilie kama risasi dereva anapoachilia mafuta, msimamo wangu ni mkali: usinunue. Milio hiyo hutokana na mafuta yanayowaka nje ya silinda, na joto lake linazipiga valvu na turbo. STI ya Japani iliandaliwa kwa petroli ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kubanwa bila kulipuka ovyo), ambayo pampu zetu za kawaida hazina. Ukiongeza mgandamizo wa turbo juu ya petroli dhaifu, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, na hivyo ndivyo kingo za ringi zinavyopasuka. Afadhali gari lenye kilomita 150,000 lisiloguswa kuliko la 90,000 lililopita kwa mafundi watatu wa kuongeza nguvu.

Difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hupimwa kwenye uwanja mtupu. Kata usukani hadi mwisho, gia ya kwanza, zunguka polepole. Gari likirukaruka au kushikashika, huenda difu imeganda au tairi hazilingani. Zungushia kila tairi utepe wa fundi cherehani; tofauti ya mzingo isizidi milimita 6. Mtu aliyebadilisha tairi moja tu na kuacha tatu zilizoisha ameiumiza difu hiyo polepole. Kwa bodi, tazama chini ya boneti pale shoki za mbele zinapofungwa: nati zilizokwaruzwa na chomelea isiyo ya kiwandani ni dalili ya ajali.

Gari likipita yote haya, tenga pesa nyingine pembeni. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Bila risiti, chukulia haujawahi kubadilishwa. Nunua seti nzima, yaani mkanda, kikaza chake, puli na pampu ya maji, na ubadilishe oili na filta siku hiyo hiyo. Mwambie fundi akague na kichujio kidogo kilicho ndani ya bolti ya bomba la oili ya turbo, kwenye injini zilizo nacho. Kikiziba, turbo inakosa oili. Kazi hizo zikamilike kabla hujalipeleka gari Naivasha.