Wa 41 kati ya 96, ongeza bidii

Mwezi wa sita, baridi ya Mufindi ikiwa imekaza na shule zikikaribia kufungwa, walimu huketi kujaza ripoti za wanafunzi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Unaandika alama za kila somo, wastani, daraja, nafasi na tabia, kisha kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa unaandika "Ongeza bidii". Ukifika mtoto wa arobaini, mkono unajiandikia wenyewe.

Ripoti ya namna hiyo ndiyo aliyonionyesha mama mmoja mkulima wa nyanya kule Ilula. Binti yake wa darasa la sita alikuwa wa 41 kati ya 96, wastani C. "Mwalimu, sasa nimsaidie wapi?" akaniuliza. Maarifa ya Jamii alipata 45 kati ya 50, Hisabati 9. Kwa madaraja yetu ya msingi, 45 ni A na 9 ni E; lakini ukizijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 27, ambayo ni C. Mtoto anayeng'ara upande mmoja na kuzama upande mwingine anaandikwa wa katikati, na hata hiyo 9 haisemi ni nini hasa kilichomshinda. Mama huyo akichambua nyanya zake anajua zipi ziuzwe leo barabarani, zipi zitavumilia safari ya Dar es Salaam na zipi zimeingiwa na mdudu. Kuhusu mwanawe, karatasi ya shule haikumpa hata nusu ya ujuzi huo.

Hata hivyo, wanaotetea alama badala ya maneno ya mwalimu wana hoja nzito. Katika mtihani wa taifa, msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa. Hajui kama mwenye karatasi ni mtoto wa mkulima wa Makete au wa mkubwa fulani mjini Mbeya. Maneno ya mwalimu hayana kinga hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974, tamko la chama tawala TANU kuhusu elimu, lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Lengo lilikuwa jema, na bado naliamini. Lakini alama anazompa mwalimu mwanafunzi wake mwenyewe huingiwa na huruma, undugu, na hofu ya mkuu wa shule anayetaka matokeo mazuri. Nimewahi kushuhudia alama za mazoezi zikipikwa usiku mmoja kabla ya kupelekwa zinakotakiwa. Iliniuma, maana waliodhulumiwa ni wale waliozihangaikia kweli.

Kuna na mzigo wa kazi. Mwalimu wa Hisabati wa sekondari mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ana watoto 180. Akitumia dakika tatu tu kumwandikia kila mmoja sentensi yenye maana, hizo ni saa tisa, mbali na kusahihisha. Anayemdai mwalimu huyo ripoti ya kurasa mbili hajawahi kubeba rundo la madaftari mpaka nyumbani.

Kwa hiyo sitaki alama zifutwe. Ninachotaka kiondoke ni nafasi. Mtoto anaweza kupanda alama kumi na akabaki wa 41 kwa sababu wenzake nao wamepanda. Bidii yake haionekani popote. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa. Kama tumeweza kuliacha hilo kwa nchi nzima, sioni kwa nini mtoto wa miaka tisa aendelee kupangwa mstari mbele ya wenzake.

Mahali pake ziandikwe sentensi chache za kusema mtoto anajua nini na nini kimemshinda. Shule ya msingi ianze na Kiswahili na Hisabati pekee. Kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia inageuka ghafla kuwa Kiingereza, mzazi aambiwe kwanza kama mtoto anaelewa swali analoulizwa, maana wapo wanaoandikiwa F ya Baiolojia wakati kilichowashinda ni lugha. Mwalimu akiwa na daftari la makosa yanayojirudia, analojaza kidogokidogo anaposahihisha mazoezi, mwezi wa sita atakuwa ananakili tu.

Yule binti wa Ilula nilikaa naye kama nusu saa. Kuzidisha hakukumpa shida, kugawanya akamaliza haraka. Nilipompa nusu jumlisha theluthi, akajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akaniandikia mbili ya tano. Nikamwambia mama yake: anajua kuzidisha na kugawanya, hajui kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema. "Kaka yake yuko kidato cha pili. Atamfundisha jioni hii hii."