Kisu Kinaposubiri Mchango

Saa nane usiku kijana kaletwa na bodaboda, tumbo limekaza kama ngoma. Daktari anasema utumbo umetoboka, aingie thieta sasa hivi. Kaka yake anapewa karatasi: glovu, nyuzi, dripu, dawa za usingizi. Vingine hospitalini havipo, kwa hiyo anavuka barabara kwenda famasi, simu sikioni, akiwaamsha shangazi na wajomba kuomba mchango. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali hiyo ya wilaya, hapa Tanzania, na picha ile haijanitoka.

Wahasibu wa hospitali wanaotaka mgonjwa alipe kwanza wana hoja yao. Uchangiaji gharama ulirudi miaka ya 1990 kwa kuwa bajeti ya serikali ilielemewa. Nyuzi zinanunuliwa, oksijeni inanunuliwa. Wapo wanaoshonwa usiku na kutoroka kabla ya kulipa, na madeni ya namna hiyo yakirundikana, kabati la thieta linabaki tupu. Anayeumia hapo ni mgonjwa wa wiki ijayo.

Naikubali hoja hiyo nusu. Mwenye ngiri isiyombana anaweza kungoja avune, auze mahindi, ndipo apasuliwe. Utumbo uliotoboka hauna msimu. Anayedaiwa usiku ule hana nafasi ya kuulizia bei kwingine, na shamba lake linakwenda kwa bei ya kutupa. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kuwa watu milioni 33 duniani hukumbwa kila mwaka na gharama za upasuaji zinazoyumbisha kaya nzima, na wengine milioni 48 huangushwa na nauli, chakula na malazi. Hata tukifuta bili ya daktari kesho, bado kuna mama anayelala kwenye korido wiki mbili akimuuguza mwanawe.

Msamaha kwa wasiojiweza upo, lakini usiku ule mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii, wanakouombea, ulikuwa na kufuli. Wenzetu Kenya wameandika kwenye katiba ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katazo peke yake halinunui nyuzi, ndiyo maana sheria yao ya 2023 ikaunda na mfuko wa dharura. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo, na naiunga mkono. Ila wakati kadi zinaendelea kuwafikia watu, kila thieta iwe na boksi la dharura lililojaa, lifunguliwe kwanza, na karatasi ya malipo imfuate mgonjwa wodini akiwa ameshashonwa.